Shingo Inayouma Haiponi kwa Kufungwa Kanga

Bismillahir Rahmanir Rahim



Mpenzi msomaji, juma hili tunaifungua safu yetu ya afya kwa barua ya mama mmoja, mshonaji wa kofia za vito, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 ameitunza nyumba yake kwa sindano na uzi. Anasema maumivu yalimwanza nyuma ya shingo, yakapanda kisogoni, kisha yakashuka hadi bega la kulia. Alipokwenda hospitali alipigwa eksirei, akaambiwa kuwa pingili za shingo yake zimesagika. Neno hilo lilimtia hofu kubwa. Alirudi nyumbani, akaifunga shingo yake kwa kanga iliyokunjwa, akaacha kabisa kuigeuza. Sasa ni mwezi wa pili, na akiitwa hugeuka mwili mzima kama aliyebeba mtungi uliojaa.

Wifi yake amemwambia apumzike zaidi. Mama mkwe wake amemshauri aende kwa mkandaji mmoja maarufu ambaye huizungusha shingo kwa ghafla mpaka ikalia. Naye anauliza: nimsikilize nani? Na haya mazoezi ninayoyasikia yakitajwa, je, hayatazidi kuzisaga hizo pingili?

Ahsante, mama, kwa barua yako. Jibu kwa ufupi ni hili: ikiwa daktari amekuchunguza na hakuona dalili za hatari tutakazozitaja, shingo yako haihitaji kufungwa, wala haihitaji kuvunjwa. Inahitaji kutembezwa, kidogo kidogo, kila siku, kwa mkono wako mwenyewe. Sasa tueleze kwa urefu.

Shingo ilivyo

Mwenyezi Mungu ameijaalia shingo ya mwanadamu pingili 7. Juu yake kumewekwa kichwa chenye uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5, yaani zaidi ya pakiti mbili za unga za kilo 2. Kati ya pingili nyingi za shingo mna visahani laini vya gegedu, ambavyo madaktari huviita diski, na kazi yake ni kuzuia mfupa usigongane na mfupa. Katikati ya pingili unapita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo, na kandokando yake hutokeza jozi 8 za mishipa ya fahamu iendayo mabegani, mikononi na vidoleni. Ndiyo maana ugonjwa wa shingo huweza kusikika kwenye kidole gumba.

Kadiri umri unavyosonga, visahani hivi hupungukiwa na maji, hukauka na kuwa vyembamba. Mfupa nao huota vichomozo vidogo pembezoni. Hali hii ndiyo iitwayo spondilosisi, na ndiyo hiyo uliyoambiwa kuwa ni kusagika. Neno hilo lisikutishe. Watu wengi waliovuka miaka 60 wakipigwa eksirei ya shingo huonekana wana mabadiliko haya, na wengi wao hawasikii maumivu yoyote. Ni kama mvi kichwani: ni alama ya umri, na si lazima iwe maradhi. Picha peke yake haisemi mtu ataumwa kiasi gani, wala haisemi kuwa hatapona.

Basi maumivu hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye misuli iliyochoka na kukaza, na kwenye viungo vidogo vya pingili vilivyokakamaa. Kichwa kikiwa kimenyooka juu ya mabega, misuli ya nyuma ya shingo hufanya kazi ndogo. Kikiinama mbele, misuli hiyo hulazimika kukizuia kisianguke, na kadiri kinavyoinama ndivyo inavyotaabika. Mshonaji wa kofia huinama saa nyingi. Vivyo hivyo msuka ukili, mwenye kukuna nazi juu ya mbuzi, msusi wa nywele, na binti zetu walioshika simu mapajani.

Kwa nini mazoezi, si kupumzika tu?

Kupumzika siku moja au mbili maumivu yanapokuwa makali hakuna ubaya. Lakini shingo iliyofungwa kwa majuma hupoteza nguvu. Misuli isiyotumika hunyong'onyea, viungo hukakamaa, na siku mtu anapojaribu kugeuka maumivu huwa makali kuliko mwanzo. Mtu huyo huona kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, akazidi kuifunga. Hapo ndipo alipofika mama yetu huyu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2003 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Wenye maradhi mazito ya uti wa mgongo hawakuingizwa. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya kuitia shingo nguvu kwa kushindana na mpira wa kuvuta. La pili lilijenga ustahimilivu kwa kuinua kichwa kutoka sakafuni. La tatu liliambiwa lifanye mazoezi mepesi ya mwili na kujinyosha tu. Baada ya mwaka mmoja, waliopata nafuu kubwa au kupona kabisa walikuwa asilimia 73 katika kundi la kwanza, 59 katika la pili, na 21 katika la tatu. Tunajifunza kwamba kujinyosha ni kuzuri, lakini shingo pia yataka kutiwa nguvu, na nguvu haiji kwa siku moja.

Mwaka 2012 watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwafuatilia watu 272 waliokuwa wameumwa na shingo kwa muda wa majuma 2 hadi 12. Wengine walipewa dawa, wengine walinyoshwa shingo na wataalamu waliosomea kazi hiyo, na wengine walifundishwa mara mbili tu jinsi ya kufanya mazoezi mepesi nyumbani, wakatakiwa kuyarudia mara 6 hadi 8 kwa siku. Waliofanya mazoezi nyumbani walipata nafuu iliyokaribia kuwa sawa na ya walionyoshwa na wataalamu. Kwa mama asiye na nauli ya kwenda kliniki kila juma, hii ni habari njema.

Ama mkandaji, tutenganishe mambo mawili. Kukandwa mabega taratibu kwa mafuta ya vuguvugu hulegeza misuli na hakuna madhara kwa watu wengi. Lakini kuzungushwa shingo kwa ghafla ni jambo jingine. Ndani ya matundu ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo. Ni nadra, lakini mshipa huo ukichanika mtu huweza kupata kiharusi. Tunamheshimu mama mkwe, na twajua nia yake ni njema. Mwambie kwa adabu kwamba mabega atayakanda yeye mwenyewe, na shingo isivunjwe na mtu.

Nani asianze mazoezi kabla ya kuonana na daktari?

Tafadhali usiiruke sehemu hii. Muone daktari kwanza, na upesi, ukiwa na mojawapo ya haya:

- Mkono unapoteza nguvu, au ganzi inazidi siku hadi siku.
- Vidole vimekuwa vizito: sindano inakuponyoka, vifungo vya nguo vinakushinda, hati yako imebadilika.
- Miguu imekaza au unayumba unapotembea, au umeshindwa kuzuia haja.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka, ajali ya gari au ya bodaboda.
- Una homa na shingo imekakamaa pamoja na maumivu makali ya kichwa.
- Unapungua mwili bila sababu, maumivu hukuamsha usiku, au uliwahi kuugua saratani au kifua kikuu, kwani kifua kikuu huweza kushika hata pingili za uti wa mgongo.
- Una baridi yabisi inayovimbisha viungo vya vidole, maana huweza kulegeza viungo vya juu vya shingo.
- Umepatwa ghafla na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au ulimi kuwa mzito.
- Maumivu yanashika kifua, taya na mkono kwa pamoja. Hayo huenda yakawa ya moyo, na si ya kungojwa.

Dalili za vidole na miguu zina maana maalumu. Huenda ugwe wa fahamu wenyewe unabanwa, na ukibanwa muda mrefu madhara mengine hayarudi nyuma hata baada ya upasuaji. Akina mama wengi hunyamaza. Husema ni uzee, ni uchovu, au huona haya kuvuliwa mtandio mbele ya tabibu mwanamume. Dada yangu, omba daktari mwanamke. Asipopatikana, nenda pamoja na mumeo, ndugu yako au mwenzako mwanamke, na uchunguzwe. Sharia yetu haikumfungia mgonjwa mlango wa tiba wakati wa dharura. Mkono wa mshonaji ndio riziki ya watoto wake. Usiuache ufe kwa haya.

Mazoezi yenyewe

Chagua chumba tulivu, ufunge mlango, ulegeze mtandio. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto yasiyounguza, kikamue, ukiweke nyuma ya shingo kwa dakika 10. Kisha kaa juu ya kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili zikiwa chini, mikono mapajani. Pumua kwa utulivu wala usizuie pumzi.

Kanuni ni moja. Kusikia shingo ikivutika au ikiuma kidogo si kitu, mradi yatulie baada ya muda mfupi. Lakini zoezi likituma maumivu au ganzi mkononi, liache siku hiyo. Likikutenda hivyo tena, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina idara hiyo.

1. Kurudisha kidevu. Tazama mbele. Bila ya kuinamisha wala kuinua uso, rudisha kidevu nyuma kama anayesukuma mtoto wa meza ndani. Utasikia nyuma ya shingo ikirefuka. Hesabu hadi 5, achia. Fanya mara 5, na ukizoea mara 10.

2. Kugeuza uso. Geuza uso taratibu upande wa kulia kana kwamba unatoa salamu mwishoni mwa Sala, hadi pale shingo inapokataa. Usiilazimishe. Hesabu hadi 5, rudi katikati, kisha kushoto. Mara 5 kila upande.

3. Kuinamisha sikio. Shusha sikio la kulia kuelekea bega la kulia. Bega lisipande kulipokea sikio. Sikio ndilo liende. Hesabu hadi 5, kisha upande wa pili. Mara 5 kila upande.

4. Kukutanisha mabega nyuma. Vuta mabega nyuma na chini, kama kwamba unabana pindo la kanga katikati ya mifupa miwili ya mgongoni. Hesabu hadi 5. Mara 10. Zoezi hili wengi hulidharau, na kumbe shingo hutegemea mabega kama paa linavyotegemea nguzo.

5. Kushindana na kiganja. Weka kiganja kwenye paji la uso. Kichwa kisukume mbele na kiganja kikatae, pasiwe na kitu kinachosogea. Anza kwa nguvu ndogo, kama thuluthi ya uwezo wako. Hesabu hadi 5. Kisha weka viganja kisogoni, halafu kiganja upande wa kulia, na upande wa kushoto. Mara 5 kila upande. Hili ndilo linaloanza kuitia shingo nguvu.

6. Kuinua kichwa. Hili lingoje hadi mengine matano yamekuwa mepesi kwako kwa majuma 3 au 4, na mkono hauna ganzi wala maumivu. Lala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa. Rudisha kidevu kama katika zoezi la kwanza, kisha inua kichwa kimo cha vidole viwili tu. Hesabu hadi 5, kishushe taratibu. Mara 5. Mama mwenye mimba kubwa aliache hili, atosheke na yale ya kukaa.

Na haya usiyafanye: usiizungushe shingo duara zima, usikirushe kichwa nyuma kwa nguvu, wala usijiliishe shingo kwa mkono wako.

Yote matano ya mwanzo hayachukui dakika 10. Lakini si lazima uyafanye yote kwa mara moja. Ukimaliza Sala na nyiradi zako, kabla hujainuka, fanya zoezi la kwanza na la pili. Mazoezi ya kutia nguvu yaweke asubuhi na jioni. Sala ni ibada wala hatuifanyi kuwa mazoezi. Tunachotafuta ni wakati tu, na Mwislamu tayari ana nyakati 5 za siku ambazo hazisahau.

Ikiwa rukuu au sijda inakuletea maumivu makali au ganzi mkononi, jua kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kusali kwa kukaa na kuashiria kadiri ya uwezo wake. Muulize sheikh wako akufahamishe namna yake. Wengine huacha ruhusa hii wakidhani kujitesa ndiko kuongeza thawabu.

Kazi za kila siku

Mazoezi ya dakika 10 hayawezi kushinda saa 8 za kuinama. Kwa hivyo tuangalie na kazi.

Mshonaji aweke mto mapajani na kazi juu yake, ili kofia ipande machoni badala ya macho kuishukia kofia. Kila nusu saa aweke sindano, asimame, afanye zoezi la nne. Na aende akapimwe macho. Baada ya miaka 40 wengi wetu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu; kidogo kidogo mtu huinama zaidi kuyatafuta matundu ya kofia, asijue kuwa tatizo limeanzia machoni. Huenda miwani ya kusomea ikaifaa shingo kuliko dawa.

Mwenye kukuna nazi asimalize zote kwa kikao kimoja, na vijana wa nyumba wapewe zamu. Msahafu uwekwe juu ya marfaa, na marfaa yawekwe juu ya kijimeza kama msomaji amekaa chini na shingo inamuuma. Simu inuliwe hadi usawa wa kifua.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mwenye shingo inayouma asijitwike. Ni afadhali lita 10 katika kila mkono, au mkokoteni, au mtoto wa kiume aliyekaa barazani aitwe. Usiku tumia mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na shingo, ulale chali au ubavu. Kulala kifudifudi huiacha shingo imegeuzwa usiku kucha.

Kwako wewe, mama

Barua yako haikutaja ganzi wala udhaifu wa mkono, lakini kabla ya kuanza jipime leo: funga na kufungua vifungo vya nguo, tia uzi kwenye sindano, tembea hatua 10 kwenye mstari mmoja. Ukishindwa na lolote ambalo mwaka jana uliliweza, rudi hospitali kwanza. Ukiyaweza yote, basi ifungue hiyo kanga. Usiogope shingo ikikuuma kidogo siku za mwanzo. Imefungwa miezi miwili, ni lazima ilalamike. Juma la kwanza fanya zoezi la kwanza, la pili na la nne tu. Juma la pili ongeza la tatu. Juma la tatu uanze kushindana na kiganja. Usihesabu siku, wanawake wa Finland walipimwa baada ya mwaka mzima. Ikifika juma la 6 na hujaona nafuu yoyote, muone mtaalamu wa tiba ya viungo akuangalie unavyofanya.

Na kanga usiitupe. Ikunje, uiviringe iwe nene kama mkono wa mtoto, uitie chini ya shingo ulalapo chali, ndani ya foronya. Hapo inafaa.

Wifi yako naye msomee ukurasa huu, maana yeye pia hushona.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe subira ya kushikamana na dawa ndogo ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.